Meneja Aliyesajili kwa Posa

Kesho baada ya sala ya alasiri wanachama wa timu yetu ya mpira wa kikapu hapa Bagamoyo watakutana kuamua kama Meneja abaki au aondoke. Kamati, inayotakiwa kuwapa pendekezo, imegawanyika katikati kama andazi, nusu huku nusu kule, na imebaki sauti moja tu, nayo ni yangu mimi katibu. Mtu huyu nimemjua miaka na miaka. Nimekula kwake, nimegombana naye, nimemnunia, nimemtetea kwa watu nikarudi nyumbani nikajuta kumtetea. Ukiniuliza leo kama anajua kusajili wachezaji na kutumia fedha za timu, nitakwambia sijui, na wallahi sikwepi. Kila nikishika upande mmoja wa habari zake, upande wa pili unaniponyoka.

Mwenyewe ni mtu mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi hadi unaogopa kumgusa, ana duka la vifungo, nyuzi na zipu kule Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo. Mpira wa kikapu hakuwahi kuucheza. Siku moja nilimwuliza aliingiaje kwenye umeneja, akasema waliomtangulia walikuwa wanagombana, yeye akaombwa akae kidogo mpaka wapatane. Hawajapatana mpaka leo, naye yupo.

Na hata kuutazama huo mpira ilikuwa shida. Mechi ikiwa imebana, matokeo yanakaribiana, ukigeuka kumtafuta Meneja humwoni. Ameshatoka nje, amesimama nyuma ya ukuta na muuza juisi ya miwa, anamwuliza yeye kuna nini huko ndani. Muuza miwa naye haoni kitu, anasikiliza makelele tu, lakini anajibu kwa uhakika kabisa. Mara nyingi Meneja alikuwa akienda nyumbani na matokeo ya muuza miwa, na sisi tunampigia simu kumsahihisha.

Sasa usajili. Jamani, meneja huyu hakuwahi kumtazama mchezaji akicheza kabla ya kumsajili. Kocha wetu alikuwa akirudi kutoka mashindano ya shule, anahema, anasema ameona kijana anayeruka mpaka anagusa chuma cha goli. Meneja anauliza kwao wanaishije. Kocha anasema kijana anadunda mpira kwa mikono yote miwili. Meneja anauliza akipita penye wazee anasalimia au anapita tu. Kocha anatoka pale amefura, anakuja kwenye duka langu la vipuri vya pikipiki, anakaa juu ya boksi la tairi, anaanza kunilaumu mimi.

Timu nyingine zinasajili kwa mkataba: karatasi, sahihi, picha ya kupeana mikono, basi. Meneja wetu anaposa. Nasema anaposa, na sitanii. Ana wazee wake wawili, rafiki zake wa msikitini, hao ndio washenga. Wanatangulia kwa wazazi wa kijana, wanakaribishwa mkekani, wanazungumza habari za mvua na bei ya samaki, kisha mmoja anakohoa na kusema wamekuja kuomba mtoto. Wanapewa siku ya kurudi. Wakirudi wana sinia limefunikwa kitambaa cha kudarizi, ndani mna doti ya kanga, mkaja wa mama, ile shukrani ya kumbeba na kumlea mtoto, na kilemba cha baba, au cha mjomba kama baba hayupo. Karatasi ya ligi inasainiwa baadaye kwa sababu lazima isainiwe, lakini Meneja haihesabu kuwa kitu.

Nilimwambia mara nyingi kwamba anayetufungia vikapu ni kijana, si mama yake. Akanijibu ukipenda boga penda na ua lake. Nikamwambia timu yetu sasa ina maua mengi kuliko maboga. Alicheka mpaka akatoa miwani, kisha siku iliyofuata akaenda kununua doti nyingine ya kanga.

Lakini kanga zilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Ukishaomba mtoto wa watu kwa sinia, umeshakuwa mkwe. Na mkwe ana mambo. Mchezaji akifiwa na shangazi, timu inakwenda matangani na mchele. Mdogo wake akiingia jandoni, timu inachangia. Paa la nyumba likiezuliwa na upepo, mama anatuma salamu kwa Meneja, na salamu za mkwe huwezi kuzijibu kwa maneno matupu. Kuna siku tulikuwa na mechi ya ugenini, basi dogo limekodiwa, vijana wamevaa. Asubuhi ikaja habari kwamba bibi yake Rajabu, kijana wetu anayegawa mpira, amefariki huko kwao Miono. Meneja akaligeuza basi. Timu nzima ikaenda kuzika na jezi zake, na wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Nilikuwa na hasira siku ile, sikumsalimia wiki nzima.

Basi msimu uliofuata tukacheza mechi ya kubaki kwenye ligi, nyumbani, na watu wa Miono wakashuka. Walikuja na fuso, wanawake kwa wanaume, wameleta mahindi mabichi na mananasi, wakaujaza uwanja na kuimba tangu mwanzo mpaka mwisho. Wapinzani walikuwa wakikosea hata mitupo ya bure. Tukashinda. Nikajiambia, kumbe mzee huyu anaona mbali. Nilikwenda kumpa hongera, akanishangaa. Yeye alidhani wamekuja kwa ajili ya kisomo cha yule bibi, na alikuwa ameshaagiza wapikiwe wali.

Unaona ninavyosema? Huwezi kumshika.

Chukua huyo huyo Rajabu. Alimsajili kwa sababu alimwona kwenye harusi akigawa pilau. Alisema kijana yule alikuwa hapeleki sinia pale wanapopiga kelele, anapeleka pale ambapo hawajapata, na anayejua nani hajala atajua nani hajapata mpira. Kocha alishika kichwa. Lakini leo hakuna mgawaji kama Rajabu Pwani nzima. Anakuona hata ukiwa nyuma yake.

Halafu chukua yule mrefu wa kutoka Saadani, aliyekuwa askari wa getini kwenye nyumba ya wageni. Mpira ulikuwa ukimgonga kifuani na kurudi ulikotoka. Alikaa nasi misimu mitatu, akila, akisafiri, akipewa viatu. Nilimbana Meneja aniambie alimwona na sifa gani. Akasema walipokwenda kwao, mama mtu aliwakaribisha uji wa mchele mtamu sana, yeye akanywa bakuli mbili, na baada ya bakuli mbili angewezaje kurudi kusema hawamtaki mwanawe? Ndiyo sababu yote. Mimi nilidhani kuna hekima imejificha, nikaitafuta, nikakuta uji.

Kwenye matumizi mengine ni hivyo hivyo. Maji ya kunywa ya wachezaji alikataa kununua, kila mtu aje na chupa yake. Mipira ilitumika mpaka ikawa na upara. Lakini alilipia jino la kijana mmoja kwa daktari wa Dar, akisema mwenye jino bovu hatoi pasi, analalamika. Na chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni alikitia mapazia mapya yenye maua, maana mgeni akichunguliwa akivua nguo aibu ni ya mwenyeji. Vijana wetu wenyewe walikuwa wakibadilisha nguo nyuma ya ukuta. Timu ngeni zilitusifu sana, zikatufunga, zikaondoka.

Tukifungwa hakasiriki. Ana msemo wake: kushinda unaweza kushinda na mtu yeyote, mimi natafuta wa kufungwa nao. Niliupenda msemo huo, nikawa nautumia hata dukani kwangu, mpaka ulipokuja msimu mmoja tukafungwa mfululizo, nikaona sasa msemo unafanya kazi kupita kiasi. Lakini hata msimu ule hakuna kijana aliyetukimbia. Timu zenye mikataba zilikuwa zinapoteza watu kila dirisha la usajili. Sisi hakuna.

Ndiyo nifike kwa Athumani, maana yeye ndiye sababu ya mkutano wa kesho.

Athumani ni senta wetu, mtoto wa Mlingotini, anainama kwenye kila mlango, mpole mpaka anakera. Mama yake, Bi Mwanahawa, analima mwani na kamlea peke yake. Washenga walipokwenda kumwomba alikataa, wakarudi akakataa tena, na alipokubali aliwaambia kwamba kuanzia leo akiumwa ni wenu, akikosea ni wenu. Meneja aliyarudia maneno hayo kwenye kamati na machozi yakimlengalenga. Tangu siku hiyo Mlingotini ikawa kama kwake.

Mwaka huu ikaja timu moja kubwa ya Dar es Salaam. Walikwenda kwa Bi Mwanahawa na gari la kiyoyozi na mkataba, na ahadi ya chumba na masomo ya chuo. Mama aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia mwanawe ameshaombwa na Bagamoyo, na haiposwi juu ya posa. Wale mabwana wakaondoka na mkataba wao. Habari ilipofika hapa mjini watu walicheka kwa furaha. Kocha alikuja akakaa kwenye boksi lake la tairi, akakiri kwamba karatasi inachanika lakini neno la mama yule halichaniki. Na mimi nikakiri. Tulimwona Meneja mjuzi wa wajuzi.

Kabla sijamaliza kumsifia, akawachukua wale wazee wake wawili, na sinia, bila kuiambia kamati, akaenda Mlingotini kusema amekuja kumfungua kijana aende Dar. Kisha akachukua fedha za mbao za magoli. Tulikuwa tumezichanga mwaka mzima, maana ubao wa goli moja umepasuka na unashikiliwa na waya. Akamnunulia Athumani viatu vya mguu wake, ambavyo havipatikani hovyo, na godoro la urefu wake, ambalo ilibidi lishonwe, na shuka, na ndoo, na jiko dogo la gesi. Akamsindikiza mpaka Dar na wazee wawili kama anayepeleka mwali kwa mumewe. Ile timu ikataka kutulipa fidia. Meneja akakataa, akamwambia mhasibu wao kwamba mtoto aliyeombwa hauzwi. Nasikia mhasibu alimwomba arudie, akidhani hakusikia vizuri.

Kwa hiyo sasa hatuna senta, hatuna ubao, hatuna fidia, na ligi ya mkoa iko mlangoni. Tukishuka daraja, mfadhili anayetupa jezi na nauli amesema anaondoka, na akiondoka timu imekwisha. Vijana wa kamati wanasema mzee katuzingua, atupishe. Wazee wanasema huyu ndiye mtu pekee mwenye haya katika mpira wote. Kocha, aliyemlalamikia miaka yote, amepiga kura abaki, na hajui kueleza kwa nini. Tulipomwita Meneja ajieleze alisema kijana alikuwa amefika. Amefika wapi? Akasema amefika tu.

Leo asubuhi akaja dukani kwangu. Sijawahi kumwona akija dukani kwangu kwa mambo ya timu, sisi ndio tunaokwenda kwake. Shikamoo, marahaba, akabaki anashikashika plagi za pikipiki kana kwamba anataka kununua. Mwisho akasema Bi Mwanahawa hapokei simu zake tangu siku ile, na kuna maneno yamemfikia kwamba wanawake wa Mlingotini wanasema Athumani kaachwa. Aliomba nimsindikize. Wale wazee wake hakutaka waje.

Nilibaki nimemkodolea macho. Mtu ambaye anajua kilemba cha nani kinatangulia, anayejua kanga gani haifai kumpa mama mjane, alikuwa hajaona alichokifanya. Unapeleka washenga na sinia, unasema umekuja kumfungua mtoto wa watu. Kwetu hiyo ni nini kama si talaka? Yeye alidhani anamwoza, na mama kule kapokea kwamba mwanawe kaachwa. Nikafunga duka, tukachukua bajaji.

Tulimkuta Bi Mwanahawa barazani, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Alitukaribisha vizuri, mkeka, maji ya kunywa, kisha akaendelea kufunga. Meneja akaanza na habari za mvua. Mama akamkatisha, jambo ambalo sijawahi kuona mtu akimfanyia.

"Mlikuja kuomba, nikawapa," akasema. "Mkaja kumwacha, nikanyamaza, kwa sababu sikujua kosa lake. Leo nitajieni kosa lake."

Meneja akasema hana kosa. Akaeleza, na alieleza vizuri kuliko alivyotueleza sisi kamati: kwamba alimwona mtoto amekua, kwamba kule kuna chuo na huku kuna ubao uliopasuka, kwamba kumshika kwa neno la mama yake huku dunia inamwita ingekuwa dhuluma, naye hakuweza kulala. Nilimwona mama anafunga taratibu zaidi. Nikasema moyoni, amemshinda, kumbe alikuwa sahihi.

"Na yeye alisema anataka kwenda?" Bi Mwanahawa akauliza.

Meneja akanigeukia mimi. Sijui alitegemea nini, mimi nikaangalia mwani.

Maana hapo ndipo iliponijia. Posa zote zile, sinia, mkaja, kilemba, washenga kukohoa, kila hatua aliifuata kama ilivyo, na hatua moja ambayo hakuna harusi kwetu inayoiruka, mwali mwenyewe kuulizwa, hakuifuata hata mara moja. Si kwa Athumani, si kwa Rajabu, si kwa yule wa Saadani. Walikuwa wanaletwa uwanjani wakiwa wameshakubaliwa. Na kamati yote iliyokuwa ikipigia kelele gharama za kanga, hakuna aliyeliona hilo.

Bi Mwanahawa hakungoja jibu. Akajifuta mikono, akachukua simu, akampigia mwanawe, akaiweka mkekani katikati yetu na sauti ikiwa juu. Athumani akapokea, akatusalimia mmoja mmoja kwa heshima. Mama akamwashiria Meneja.

"Mwanangu Athumani," Meneja akasema, "ulitaka kwenda Dar?"

Kimya. Tulisikia mpira ukidunda kule kwenye sakafu nzuri, na watu wakiitana. Sasa kwetu mwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa yake, hakuna anayemdai aseme zaidi. Nikaona uso wa Meneja unalegea, anavuta pumzi, midomo inaanza alhamdulillahi.

"Si mwali huyo," Bi Mwanahawa akasema. "Subiri."

Tukasubiri. Mimi nilitaka kukimbia.

"Sijui, Meneja," Athumani akasema mwishowe. "Ungeniuliza siku ile ningejua. Sasa huku nimeanza kuzoea, na huko nyumbani bado nakukumbuka, nikijiuliza mwenyewe sipati jibu." Akasema kocha wake anamwita, akaaga.

Bi Mwanahawa hakutufukuza, wala hakusema amesamehe. Alisema chakula kiko tayari. Tulikula wali na samaki, Meneja akala kidogo sana, akashukuru, tukaondoka.

Bajaji ilitupeleka mpaka karibu na barabara kubwa. Kisha akasema, "Bi Katibu, kesho waambie niondoke. Usijisumbue kunitafutia maneno."

Nilipaswa kufurahi. Siku zote hizi nilikuwa natafuta mtu wa kuniondolea mzigo huu, na amejitokeza yeye mwenyewe. Lakini nikajikuta na hasira, na huruma, na hamu ya kumtikisa, yote kwa pamoja, na sikujua ipi itangulie. Nikafungua mdomo niseme sawa. Likatoka jingine.

"Meneja, wewe mwenyewe unataka kuondoka?"

Akanyamaza. Akakunja mikono juu ya magoti, akatazama nje upande wake. Bajaji ikatufikisha mjini, akashuka mbele ya duka lake, akalipa nauli ya wote, akanishukuru kwa kumsindikiza, akaingia ndani.

Kesho watanipa nafasi niseme. Kama alikuwa meneja mzuri au mbaya bado sijui, na nimeacha kujidanganya kwamba kulala kutanisaidia. Lakini kabla mkono wowote haujanyanyuliwa nitamwuliza tena, mbele ya wanachama wote, na akinyamaza sitakubali mtu yeyote aseme ameridhia. Nitasimama pale pale nisubiri.